Shokapu za Celica

Shuleni, Bukoba
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama,

Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri. Tangu baba afariki, tata wangu, kila nikisikia injini ya Celica inapanda kilima cha Kitendaguro kuja shuleni, kwa muda kidogo nadhani ni yeye. Kisha mlango unafunguka na unatoka wewe. Sijui kwa nini nakuandikia hili leo. Labda kwa sababu ukiwa mbele yangu nisingeweza kulisema. Unanijua, maneno yangu huishia kooni.

Sasa ndiyo salamu. Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, ila ugali wa hapa bado una vibonge. Shangazi Alistidia alikuja kutoka mtaa wa Bakoba akaniletea sabuni na karanga, anakusalimu sana, anasema mguu wake umepungua kuvimba. Sisi wa kidato cha nne tutabaki kambini likizo ya Pasaka, kwa hiyo usinitegemee nyumbani mpaka Juni. Wiki hii ni wiki ya Kiingereza. Anayekamatwa anaongea Kiswahili anafagia bwalo zima. Kuandika hawajakataza.

Kuhusu kazi uliyonituma. Siku yetu ya kutoka nilikwenda Bakoba kwa Mustapha, yule muuza spea uliyenielekeza. Nilimweleza kama ulivyosema: Celica nyekundu, marehemu baba aliishusha chini kwa shokapu za mashindano, sasa mbili za mbele zinavuja mafuta, na gari linatembea kila siku Kimwani kwenye vumbi na mawe kwenda kazini. Amesema shokapu mpya za urefu wa kiwandani hazipatikani tena. Zipo za mashindano kama hizohizo, au uweke spesa, vile vipande vya kuinua springi. Ndiyo hivyo tu.

Mama, nisikukosee adabu, lakini si ungeliuza? Manesi wenzako wana pikipiki, na yule daktari wenu ana kigari cha kawaida kisichomgeuza mtu shingo. Celica ni gari la lami. Na Siku ya Wazazi, tarehe 26 Aprili, usijisumbue kama barabara ni mbaya. Wazazi wengi huwa hawaji.

Mwanao,
Kokuberwa


Kimwani, Muleba
Ijumaa, 21 Machi 2025

Koku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilisafiri vizuri mpaka Muleba, halafu utingo wa basi akaisahau kwenye koti lake kwa wiki nzima. Nimeipata ina doa la mafuta, nikadhani umenitumia sambusa.

Huku tu wazima. Mvua imeanza kwa hasira, maharage yametoka, na yule mbuzi wako mweusi amejifunza kufungua mlango wa jiko. Nimemwambia asubiri Krismasi. Mama mwenye nyumba anakusalimu, anauliza kama bado unaongea kwa kunong'ona.

Sasa Celica. Kweli linageuza shingo, sikatai. Wiki iliyopita alfajiri waliniita kwa Klaudia, mke wa mfyatua matofali. Uchungu ulikuwa umemshika na gari la wagonjwa lilikuwa limeshapeleka mwingine. Tukamwingiza kiti cha nyuma, na unajua mwenyewe milango ni miwili, ilibidi aingie kwa magoti. Kila shimo anasema, "Nesi, polepole, waitu, nakusihi." Namjibu, "Klaudia, tunapitwa na mbuzi, niende polepole namna gani tena?" Tulipofika hospitali Muleba akajifungua muda uleule, mtoto wa kike. Akaniambia, "Nesi Edvina, huyu ametoka mwenyewe kwa kuogopa shimo linalofuata." Tukacheka wote. Lakini kurudi nyumbani mgongo wangu ulikuwa unawaka, na nilipochungulia chini ya gari, sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, imekwaruzwa kama mtu amepita na msasa.

Fundi Kamala wa Muleba amenisaidia kidogo. Amebana vipande vya tairi kuukuu katikati ya springi. Gari limeinuka vidole viwili, na sasa ni kama kukalia mafiga. Kamala mwenyewe amesema tusizoee. Spesa nazo anazikataa. Anasema zinainua tu, ugumu uko palepale, na shafti zinakaa upande mpaka zinaisha.

Kwa hiyo rudi kwa Mustapha. Muulize vizuri: mpya za urefu wa kiwandani, hata za kuagiza Mwanza au Dar, zipo au hazipo? Zina ulaini gani? Zitabeba mtu nyuma na mikungu ya ndizi juu? Nakujua wewe. Mtu akikuambia "hakuna", unasema asante na kutoka. Safari hii simama kidogo.

Siku ya Wazazi nitakuja. Nimeshabadilishana zamu.

Lile la mwanzo wa barua yako nimelisoma zaidi ya mara moja. Sikujua. Nalifikiria.

Mama yako,
Edvina


Shuleni, Bukoba
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima. Mpe hongera mama mtoto.

Nimerudi kwa Mustapha. Jibu ni lilelile.

Halafu kuhusu lile nililokuambia, la sauti ya injini. Linaniumiza kidogo. Nadhani hata wewe lingekupa nafuu kama gari lisingekuwepo. Sisemi uliuze kesho, nasema tu.

Mtihani wa kujipima wa Fizikia nimepata B. Kemia sijui nisemeje. Siku ya Wazazi walisema itakuwa fupi, hotuba tu na chakula, na pa kuegesha magari ni padogo sana.

Samahani kwa barua fupi, kengele inagongwa.

Kokuberwa


Kimwani, Muleba
Jumatatu, 5 Mei 2025

Koku,

Nimechelewa kuandika. Salamu za huku ni nyingi, na watu wote ni wazima. Senene wameanza kuonekana, si wengi, nimekukaangia chupa moja, utaikuta kwa shangazi. Mbuzi wako amejaliwa pacha, kwa hiyo Krismasi ameshaikwepa.

Tarehe 26 nilikuja. Najua ulipata kikapu changu kwa matroni, ndizi na kuku na zile kahawa za kutafuna. Gari nililiacha chini barabarani, nikapanda kilima kwa miguu. Pale getini msichana mmoja mrefu, mchangamfu sana, akanisalimia vizuri. Akaniuliza, "Nesi, leo umetumwa tena mzigo wa Koku? Mama yake haji?" Nikamjibu kwamba mama yake ana kazi. Nikachungulia ndani ya hema, nikakuona umekaa na msichana mwingine na wazazi wake, mnacheka. Ulikuwa umependeza. Sikutaka kukukatisha. Nikamkabidhi matroni kikapu, nikashuka.

Nisikuzungushe. Celica naiuza. Nimepata mteja, anaitwa Rutaihwa, wa Muleba mjini. Injini anaitaka kwa gari lake jingine, bodi ataliuza spea. Anakuja kulichukua Jumamosi tarehe 17 asubuhi. Shokapu hazipatikani, mgongo wangu umechoka, na wewe umesema sauti yake inakuumiza. Gari likimuumiza mtoto halina kazi nyumbani. Nitapanda bodaboda kama wenzangu.

Kwa kuwa linaondoka, nikueleze kitu, usije ukakisikia kwa watu kikiwa kimepinda. Siku ya kuanua matanga ya baba yako, wazee wa ukoo walikaa. Wakasema nyumba na kibanja, shamba letu la migomba, ni vya ukoo, mimi sina mtoto wa kiume, na wewe utaolewa. Wakamkabidhi baba yako mdogo Joackim. Migomba ile nusu yake niliipanda mimi, lakini ndivyo desturi ilivyo, na sikuwa na nguvu ya kubishana. Ikabaki Celica. Mzee mmoja akaitazama, akasema, "Hiki kibati hakibebi hata mkungu mmoja. Mwachieni mjane." Watu wakacheka, na baba yako mdogo akacheka. Basi nikachukua panga, nikaingia kibanjani mbele yao, nikakata mikungu miwili, nikaifunga juu ya paa, nikakuweka wewe mbele, tukaondoka. Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Uliniuliza mbona tunabeba ndizi juu kama wachuuzi. Nikakuambia ni za njiani.

Tangu siku ile siendi popote bila mkungu juu ya paa. Watu wa Kimwani wameshazoea.

Sikukuambia kwa sababu unampenda baba yako mdogo, na yeye si mtu mbaya. Usimchukie sasa. Soma Kemia.

Mama yako


Shuleni, Bukoba
Ijumaa, 16 Mei 2025, jioni

Mama,

Barua yako nimekabidhiwa leo baada ya chakula cha mchana. Ilipitia kwa shangazi pamoja na senene, na mguu wake ulikuwa umemlaza tena. Leo ni tarehe 16. Nimehesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Salamu nitatoa mwisho, nikifika.

Mustapha hakusema hazipatikani. Alisema zipo. Siku ile ya kwanza nilipomweleza, aliweka kikombe chake chini, akaniuliza, "Binti, gari la mbio, Kimwani, kila siku, na mwanamke ndiye anaendesha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama yako ana roho ngumu kuliko shokapu zake." Halafu akanieleza yote taratibu mpaka wateja wengine wakaanza kulalamika. Zile za mashindano zimetengenezwa ili gari lisilale kabisa kwenye kona, ndiyo maana kwenye mawe zinarudisha kila kipigo kwa anayekaa ndani. Spesa alizicheka. Alisema ni kama mtu mfupi kuvaa viatu virefu, mrefu anakuwa kweli, lakini miguu inaumia vilevile. Za mtumba pia alikataa, kwamba huwezi kujua zimekufa kiasi gani mpaka umeshazifunga.

Alisema ununue mpya za urefu wa kiwandani, zote nne pamoja na springi zake, usichanganye mpya na kuukuu. Springi za nyuma uchague za chuma kinene kidogo, kwa ajili ya mtu na ndizi. Nilipotaja ndizi akauliza, "Juu ya Celica?" akatikisa kichwa, halafu akasema basi ziwe nene kidogo zaidi. Fundi abadilishe na zile raba za juu ya shokapu, la sivyo zitagonga kama mlango mbovu. Halafu uvue rimu kubwa za tata, uweke ndogo zenye tairi nene, kwa sababu nusu ya ulaini iko kwenye tairi na watu hawajui. Gari litainuka lenyewe, bila kudanganywa. Anaagiza kutoka Mwanza, zinafika kwa basi.

Aliyasema yote hayo mara ya kwanza. Mara ya pili sikwenda kwake kabisa. Nilikaa kwa shangazi nikala maandazi.

Nilidanganya ili uchoke, uliuze. Na lile la kwanza nililokuambia, la kudhani ni tata, ni kweli kabisa, ila haliniumizi. Nalipenda. Ni sekunde nzuri kuliko zote za mwezi. Nililitoa kwa sababu nilijua litakugusa, na ukishaguswa hutauliza mengine. Nilikupa siri moja ili nifiche nyingine, halafu nikaongeza kwamba inauma. Sijui mtu anaitwaje anayefanya hivyo na baba yake aliyekufa.

Nyingine ni hii. Naona aibu kwa gari. Bweni letu linatazama geti, na pale getini pana tuta. Wewe ukifika hulivuki moja kwa moja, unalikata upande, gurudumu moja kwanza halafu jingine, ili lisikwaruze, na bado linakwaruza. Wasichana wote hutoka barazani. Wanasema, "Kaa amefika," kwa vile linaingia kiubavu. Annastella, yule mrefu uliyekutana naye, anasema likipita juu ya kipande cha chaki litakwama. Na mkungu juu. Anasema ni gari la mashindano ya kuwahi soko. Anachekesha, mama, hata mimi huwa nacheka, hicho ndicho kibaya. Mwaka jana aliniuliza, "Huyo mgeni wa nani?" Nilikuwa na sekunde ya kujibu. Nikasema ni nesi wa huko kwetu, mama humtuma kuniletea mzigo.

Sikusema siku moja tu. Kila ulipokuja nilisema.

Kwa hiyo pale getini ulipoulizwa vile, ulielewa. Na ukamjibu kwamba mama yangu ana kazi. Ulinifichia uongo wangu mwenyewe, halafu ukashuka kilima.

Nilikuona, mama. Usidhani sikukuona. Nilikuwa nacheka na Rozi, tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, na wazazi wake, nikaona kitenge chako cha bluu nyuma ya kamba za hema. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilivaa vile viatu vya kusukumiza mguu, havina kamba. Nilikaa nimeinama mpaka mama yake Rozi akaniuliza kama naumwa tumbo. Usiku ule kuku wako niliwagawia wote, nikasema umenitumia kwa nesi.

Nimesoma habari ya kuanua matanga nikiwa nimesimama nyuma ya tangi la maji. Nakumbuka ile safari. Nakumbuka ndizi zilikuwa zinagonga paa kila tulipopita shimo, na tulipofika barabara kubwa ukawasha redio. Nilidhani umefurahi kuondoka. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu watoto wa baba mdogo walitucheka, nikajishusha chini kwenye kiti wasinione. Nafikiri nilianzia pale. Tangu siku ile nimekuwa najishusha.

Mama, usiliuze. Kama mgongo wako umechoka kweli na wewe mwenyewe hulitaki, liuze, ni lako. Lakini usiliuze kwa ajili yangu, na usiliuze kwa ajili ya shokapu, kwa sababu shokapu zipo, na mimi sijaumizwa na kitu ila mdomo wangu.

Tatizo ni kwamba barua hii haitakufikia. Basi la Muleba linaondoka kesho asubuhi, na Rutaihwa anakuja kesho asubuhi. Imebaki simu ya matroni. Hujawahi kuuliza kwa nini huwa sikupigii, na mimi sijawahi kukueleza. Ijumaa jioni anatoka nayo barazani, wenye shida wanapanga foleni, na anaweka sauti ya nje ili asikie kila neno. Kwanza anakuuliza mbele ya wote, kwa Kiingereza, unampigia nani na kwa jambo gani. Usipojibu kwa sauti anakurudisha mwisho wa foleni. Miaka minne sijasimama pale. Mama mwenye nyumba wako anajua sababu, nanong'ona. Sasa hivi foleni inapangwa. Annastella yumo, namsikia anamwigiza mwalimu wa Kemia, na watu wamekaa chini kwa kucheka.

Utauliza kwa nini basi naandika kitu kisichofika. Naandika kwa sababu nikishika simu mikono mitupu nitasema, "Shikamoo mama, mimi mzima, kikohozi kimekwisha," halafu nitakata. Nataka maneno yawepo mbele yangu. Nitasoma kutoka hapa, kuanzia pale kwa Mustapha. Kama nitaruka mstari nitarudi.

Shikamoo. Nilisema nitatoa salamu mwisho. Shikamoo sana.

Mpaka nilipofika hapa nilikuwa nimeifunika karatasi kwa kitabu cha Fizikia, natoa mstari mmoja mmoja, Rozi wa kitanda cha juu asione. Matroni ameanza kupita korido kama kawaida yake, anagonga kila mlango akiuliza nani ana simu ya kupiga, "Anyone to call?" Hatua zake nazijua, mguu wa kushoto ni mzito. Hapo ndipo huwa nasukuma karatasi chini ya godoro na kujifanya nimelala. Leo nimekiondoa kitabu. Rozi anachungulia kutoka juu, ameshasoma nadhani nusu ya ukurasa, hacheki.

Matroni amefika mlango wa jirani. Simu yako ikilia jioni hii na ukasikia wasichana wengi nyuma, usikate ukidhani wamekosea namba. Mpe matroni muda aniulize nampigia nani. Nitamjibu kwa sauti, kwa Kiingereza na halafu kwa Kiswahili, kwamba nampigia mama yangu, yule wa Celica nyekundu, mwenye ndizi juu.

Anagonga. Karatasi iko mezani.